SOMO LA PSIKOLOJIA: MTOTO ANAITWA, HAGEUKI



Wenzetu wa pedagojia wanasoma psikolojia kila juma, na kila mwaka swali ni lile lile: "Mutu akisoma ile psikolojia, atafanya nayo kazi gani?" Wengine wanajibu kwamba ni kusoma mawazo ya watu, kama mufumu. Wengine wanasema ni kufundisha tu, basi. Tumeona vema kujibu kwa mfano mmoja. Tutafuata kazi ya wanapsikolojia wanaotafuta namna ya kutambua usonji kwa watoto wadogo, mapema, kabla mtoto hajafika kalasi ya kwanza, na namna ya kumsaidia.

Tumechagua mfano huu kwa sababu watoto wenye hali hii wako kwetu Bunia, katika mitaa yetu na katika jamaa zetu. Wengine wamefichwa ndani ya nyumba. Wengine wameitwa walozi. Kutojua kwetu kunawaumiza, kwa hiyo somo hili si la mtihani tu.

1. USONJI NI KITU GANI?

Neno usonji linatumiwa na ndugu zetu wa Tanzania na Kenya. Sisi tunaosoma kwa Kifaransa tunasikia otisimu. Ni kitu kimoja. Ni hali ya ubongo wa mtoto kukomaa kwa namna nyingine tangu mwanzo wa maisha yake. Inaonekana katika mambo mawili.

Jambo la kwanza ni kushirikiana na watu. Mtoto anaitwa jina lake, hageuki. Mama anacheka naye, yeye hajibu kwa kucheka. Anachelewa kusema, ao anasema lakini anarudia tu maneno ya wengine. Haonyeshi kitu kwa kidole ili mwingine afurahi pamoja naye.

Jambo la pili ni kurudia-rudia na kupenda kila kitu kibaki sawasawa. Mtoto anazungusha kifuniko cha sufuria saa nzima. Anapanga mawe mstari, na ukigusa moja analia sana. Mkibadilisha njia ya kwenda sokoni anajitupa chini. Sauti ya kinu ao ya ngoma inaumiza masikio yake kuliko ya wengine. Ao anakataa kabisa chakula fulani kwa sababu ya namna kinavyosikika mdomoni.

Watoto hawa hawafanani wote. Mmoja hatasema neno hata akiwa mkubwa. Mwingine anasema vizuri, anashinda kalasi nzima kwa hesabu, lakini hafahamu mzaha wala hajui namna ya kuingia katika mchezo. Katikati yao kuko namna nyingi.

Tuseme pia vile usonji hauko. Si uziwi, lakini mtu anaweza kudhani ni uziwi. Si kifafa, ingawa mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Hauambukizi. Tena hakuna dawa ya kumeza wala ya sindano inayouondoa. Anayekuuzia dawa ya namna hiyo anakula feza zako bure.

2. WALIVYOTAFUTA MTU WA KULAUMU

Mwaka 1943, munganga Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliofanana: waliishi kama walio peke yao hata katikati ya watu, na walitaka mambo yasibadilike. Kutoka hapo jina la hali hii likajulikana kati ya wasomi.

Lakini sababu yake ni nini? Kwa miaka mingi wasomi wengi wa Marekani na Ulaya walisema ni kosa la mama. Walisema mama ana moyo wa baridi, hampendi mtoto, kwa hiyo mtoto anajifunga ndani yake mwenyewe. Bruno Bettelheim alieneza fundisho hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1967. Wamama wengi walibeba mzigo huo, na walikuwa wamekwisha kubeba mzigo wa kumlea mtoto mwenyewe. Basi tusifikiri kwamba ni sisi Waafrika peke yetu tunaotafuta mulozi. Wazungu nao walimtafuta wao, wakamkuta jikoni, anapikia mtoto wake chakula.

Ni mwanapsikolojia mmoja aliyepinga kwa nguvu: Bernard Rimland wa Marekani. Yeye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Alikusanya maandiko yote aliyoyapata, akayasoma, na mwaka 1964 akatoa kitabu kinachosema kwamba sababu iko katika mwili, katika ubongo, si katika upendo wa mama.

Ushahidi mwingine ulikuja mwaka 1977 kutoka kwa Susan Folstein na Michael Rutter, huko Uingereza. Walitafuta mapacha 21, ni kusema jozi 21, ambamo angalau mmoja alikuwa na usonji. Jozi 11 walikuwa mapacha waliofanana kabisa, wenye urizi mmoja wa damu. Jozi 10 walikuwa mapacha wasiofanana. Kati ya zile 11, katika jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya zile 10, hakuna hata moja. Wanafunzi wa biolojia wataona mara moja maana yake. Mapacha wote wanalelewa na mama mmoja, katika nyumba moja. Kama sababu ingekuwa malezi, jozi zote zingefanana. Tofauti inaonyesha kwamba urizi una sehemu kubwa. Uchunguzi uliofuata mpaka leo umetia nguvu jambo hilo.

Neno moja juu ya chanjo, maana hata hapa kwetu watu wanalisema. Mwaka 1998 gazeti moja la waganga huko London lilichapisha maandiko juu ya watoto 12, yakidai kwamba chanjo inayokinga surua inahusiana na usonji. Waganga wa inchi nyingi walichunguza watoto wengi sana, hawakuona uhusiano wowote. Mwaka 2010 gazeti lenyewe liliyafuta maandiko yale. Surua inaua watoto wa Ituri. Chanjo haileti usonji. Tuwaambie wazazi wetu hivyo.

3. KWA NINI MAPEMA?

Ubongo wa mtoto unajengwa haraka sana katika miaka ya kwanza. Mtoto akisaidiwa wakati ule, anajifunza kuomba, kuitika, kucheza na kula pamoja na wengine kwa urahisi zaidi. Akingoja mpaka miaka nane ao tisa, bado anaweza kujifunza, lakini amekwisha kupita miaka mingi bila kueleweka, na mara nyingi kwa kupigwa.

Wanapsikolojia waliuliza: ni alama gani tunaweza kuziona mapema? Hizi ni chache ambazo wengi wanazikubali:

(a) Kufika miezi 9, mtoto haitiki kwa jina lake.
(b) Kufika miezi 12, hatumii mikono kusema, kama kuaga ao kunyosha mikono abebwe.
(c) Kufika miezi 18, haonyeshi kwa kidole kitu kinachompendeza.
(d) Kufika miezi 24, haunganishi maneno mawili, kama "mama kuja".
(e) Kwa umri wowote, mtoto aliyekuwa na maneno anayapoteza.

Mwaka 2001, mwanapsikolojia Diana Robins na wenzake huko Marekani walitoa karatasi ya maswali 23 ambayo mzazi anajibu ndiyo ao hapana, kwa mtoto wa miaka karibu miwili. Hapa tufahamu jambo kubwa la kazi hii. Karatasi ile haitoi hukumu. Ni sawa na homa: mtoto akiwa na moto mwilini, hatusemi mara moja ni malaria, tunamupeleka wachukue damu na kuangalia. Vilevile alama moja ya usonji haitoshi. Inatuambia tu: mpeleke mtoto achunguzwe. Na kitu cha kwanza kuchunguza ni masikio, kwa sababu mtoto kiziwi naye haitiki.

4. MAMA AMINA ABUBAKAR WA KENYA

Sasa tuje karibu na kwetu. Amina Abubakar ni mwanapsikolojia Mkenya. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Kilifi, mji wa pwani kaskazini ya Mombasa, ambako kuko kituo cha uchunguzi wa magonjwa kilichoanza mwaka 1989.

Watoto wengi wa pwani ile waliugua malaria kali, walikosa chakula cha kutosha, ao walizaliwa kwa shida. Waganga waliweza kuhesabu waliokufa na waliopona. Lakini mtoto aliyepona, je, anakomaa sawasawa? Anashika vitu? Anatembea kwa wakati? Hilo ni swali la psikolojia, na kulijibu kunahitaji kipimo.

Kwa nini hawakuchukua tu kipimo cha Ulaya? Tuchukue mfano wetu sisi wenyewe. Tuseme kipimo kinauliza kama mtoto anapanda ngazi za nyumba. Mtoto wa Djugu ambaye nyumba yao haina ngazi atapata sifuri, na kesho mtu ataandika kwamba mtoto huyu amechelewa. Ao kipimo kinaonyesha picha ya kitu ambacho hajakiona hata siku moja. Ao kinauliza kama mtoto anamwangalia mkubwa machoni, wakati katika jamaa nyingi tunamfundisha mtoto kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Kipimo kibaya kinamwita mzima mgonjwa. Kinaweza pia kumwacha mwenye shida bila msaada.

Basi Mama Amina na wenzake walitengeneza kipimo kwa ajili ya watoto wa Kilifi, wa miezi 6 mpaka 35. Kinaangalia namna mtoto anavyotumia macho na mikono pamoja, na namna anavyotembeza mwili wake. Kilipewa jina la Kilifi yenyewe, na mwaka 2008 habari zake zilichapishwa kwa wasomi wa dunia. Mwaka ule ule alimaliza udaktari wa psikolojia katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi. Kitabu chake cha kumaliza masomo kilihusu namna watoto wachanga wanavyokomaa mahali penye hatari nyingi pamoja. Kule Tilburg alifanya kazi na Profesa Fons van de Vijver, ambaye alijulikana sana kwa kufundisha jambo hili: kipimo kikitoka kabila moja kwenda lingine, hakitoshi kukitafsiri maneno; lazima kukipima chenyewe tena.

Kutoka kipimo hicho, kazi yake iliendelea mpaka kwenye usonji. Mwaka 2015, yeye pamoja na Joseph Gona, Charles Newton na wengine walitoa matokeo ya mazungumzo na watu 103 wa pwani ya Kenya: wazazi wa watoto wenye usonji, waalimu, waganga na wafanyakazi wa mambo ya jamii. Waliwauliza: mnafikiri sababu ni nini, na mnatafuta msaada wapi? Wengi walitaja roho wachafu, uchawi na laana. Wengine walitaja magonjwa, shida za kuzaa, urizi. Na wengi walitafuta msaada pande zote: kwa waganga wa kienyeji, kwa maombi, na kwa hospitali. Tazameni kwamba wachunguzi hawakucheka wazazi. Waliandika yote, kwa sababu ukitaka kumsaidia mzazi unapaswa kujua kwanza anatembea njia gani.

Mwaka 2016 Mama Amina na wenzake walikusanya uchunguzi wote waliouona juu ya usonji katika Afrika kusini ya Sahara. Uchunguzi ulikuwa haba sana. Huko nyuma, mwaka 1978, mwanapsikolojia Victor Lotter, yule aliyehesabu kwanza watoto wenye usonji huko Uingereza, alikuwa amechapisha habari za safari yake katika inchi sita za Afrika, Kenya ikiwa moja. Inchi yetu haikuwa kati ya zile sita. Kutoka wakati ule miaka karibu 40 ilipita, na bado mengi hayakujulikana.

Mama Amina amefundisha katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na ameongoza chuo cha uchunguzi wa maendeleo ya binadamu katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Yeye na wenzake pia wako katika kazi kubwa ya Kilifi na Cape Town inayotafuta habari za urizi kwa watoto wenye shida ya kukomaa, pamoja na wazazi wao.

Tunajifunza nini katika maisha hayo ya kazi? Alianza kwa swali dogo la mahali pake: namna gani tutajua kama mtoto huyu anakomaa vizuri? Hakuanza na usonji. Alitengeneza kwanza mzani, halafu akapima.

5. NA KWETU BUNIA?

Ng'ambo ya Ziwa Albert, huko Uganda, munganga Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walichunguza watoto 1,169 wa miaka 2 mpaka 9 katika Kampala na Wakiso. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliona usonji kwa watoto karibu 7 kati ya 1,000. Na kwa dunia yote, Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Hatuna sababu ya kufikiri kwamba Ituri iko mbali na hesabu hizo.

Lakini kwetu kuko jambo moja zaidi. Tumepita vita ya 1999 mpaka 2003, na tangu mwisho wa 2017 watu wa Djugu na sehemu zingine wamekimbia tena. Kuko watoto walionyamaza. Watu wanasema: "Ile ni vita ilimuharibisha." Mara nyingine ni kweli. Mtoto aliyeona mauaji anaweza kuacha kusema, kuogopa sauti, kukaa peke yake. Alama zinafanana na za usonji. Namna gani mwanapsikolojia atazitenganisha?

Anauliza swali moja, kisha anakaa na kusikiliza: "Tangu lini?" Mama akijibu, "Alikuwa anasema vizuri, anacheza na wenzake, mpaka siku ile tulikimbia," mwanapsikolojia anafikiri kwanza juu ya kidonda cha moyo, na msaada wake ni mwingine. Mama akijibu, "Tangu iko mutoto muchanga haikuwa ananiangalia, tukimwita hageuke," anafikiri kwanza juu ya usonji ao masikio. Kama homa kali ya kichwa ilipita kabla ya mtoto kubadilika, anamtuma kwa munganga. Swali ni fupi, lakini kwa kulikosa watoto wengi wanapewa jina lisilo lao.

Na jina baya kuliko yote ni ulozi. Tunasikia: "Huyu mutoto haisikie, haicheke, iko na bulozi." Kisha mtoto anafungwa kamba, ao ananyimwa chakula siku nyingi kwa jina la kufunga na kuomba, ao anafukuzwa na kulala sokoni. Kila mwanafunzi ajue kwamba inchi yetu imekataza jambo hilo. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inamtaja katika artikle 62 mtoto anayesingiziwa ulozi kama mtoto anayestahili ulinzi, na katika artikle 160 inamwazibu anayemsingizia. Kuomba kwa ajili ya mtoto ni vema. Kumnyima chakula si maombi.

6. MSAADA UKO NAMNA GANI?

Mwaka 2010 wanapsikolojia wawili wa Marekani, Geraldine Dawson na Sally Rogers, pamoja na wenzao, walichapisha uchunguzi juu ya watoto 48 wenye usonji, wa miezi 18 mpaka 30. Nusu walifundishwa kwa njia ya mchezo, saa nyingi kila juma, kwa miaka miwili, na wazazi wao walifundishwa pia. Nusu nyingine walipata msaada wa kawaida wa mji wao. Wale wa kwanza waliendelea zaidi kwa akili na kwa lugha. Hawakuponywa usonji, walipata njia ya kufikia watu.

Lakini nani Bunia atalipa mwalimu wa saa nyingi kila juma kwa mtoto mmoja? Kwa ajili ya inchi kama yetu, Shirika la Afya la Dunia lilitayarisha mafundisho ya wazazi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9: mikutano 9 ya kikundi, na kutembelewa nyumbani mara 3. Hayahitaji profesa. Muuguzi, mwalimu ao mfanyakazi wa kanisa aliyefundishwa vizuri anaweza kuyaongoza. Neno lake kuu ni kwamba kazi za kila siku za nyumbani ndizo kalasi ya mtoto.

Mambo haya hata sisi wanafunzi tunaweza kuyafanya kwa ndugu zetu wadogo:

(a) Keti chini, uso wako ulingane na wa mtoto. Usimwite kutoka mlangoni.
(b) Fuata anachokipenda. Anazungusha kifuniko? Chukua kingine, zungusha nawe. Halafu ngoja akuangalie.
(c) Sema maneno machache: "Maji. Unataka maji." Si hotuba.
(d) Ngoja. Hesabu kimya mpaka tano, umpe nafasi ya kujibu kwa mkono, kwa jicho ao kwa sauti.
(e) Mambo ya siku yafuate mpango mmoja. Likibadilika jambo, umuonyeshe mbele.
(f) Akifanya vizuri, umsifu papo hapo. Akilia, tafuta kwanza kinachomuumiza. Fimbo haimfundishi kusema.

Na waalimu wetu wapendwa, mtoto anayeziba masikio wakati wa kuimba hadharau mtu. Mumuketishe karibu na mlango.

7. NJIA YA KUSOMEA KAZI HII

Anayependa kazi hii afanye nini? Hapa kwetu njia inapita hasa Kisangani. Mwaka 1963 Waprotestanti walianzisha kule Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vitatu vya inchi kuwa kimoja, na masomo ya psikolojia na elimu yakawekwa Kisangani. Tangu 1981 Chuo Kikuu cha Kisangani kimesimama chenyewe, na psikolojia ingali inafundishwa pale. Kwa hiyo si kitu kigeni kwa mwanafunzi wa shule ya kanisa kama yetu. Babu zetu katika imani waliweka jiwe la kwanza.

Tayarisha mambo manne tangu sasa. Kwanza hesabu, kwa sababu mwanapsikolojia anapima na kulinganisha. Zile jozi 11 na 10 za mapacha hazisemi kitu kwa mtu asiyejua sehemu ya mia. Pili Kifaransa, na Kiingereza pia, kwa sababu maandiko mengi yako kwa lugha hizo. Tatu lugha ya kwenu. Msiidharau. Mama wa Kibira, wa Kihema, wa Kilendu ao wa Kialur hataeleza utoto wa mwana wake vizuri kwa lugha ya kuazima. Kipimo cha watoto wa Ituri bado kinangoja mtu anayejua mama anasema nini hasa anaposema "haisikie": mtoto hasikii sauti, ao hatii, ao haelewi? Nne uvumilivu wa kuangalia. Kaa dakika kumi ukiangalia mtoto anacheza, uandike tu unachokiona, si unachokifikiri. "Aligonga kopo mara sita" ni kuona. "Iko mukaidi" ni kufikiri. Hilo ndilo zoezi la kwanza la kazi.

Tukumbuke pia kwamba mwanapsikolojia si munganga wa dawa. Mtoto akiwa na kifafa, lazima aende hospitali. Wote wawili wanafanya kazi pamoja.

8. NENO LA MUNGU

Someni Yoane 9, mistari mitatu ya kwanza. Wanafunzi wa Yesu walimwona mtu kipofu tangu kuzaliwa, na swali lao la kwanza lilikuwa la kulaumu: nani alitenda zambi, yeye ao wazazi wake? Yesu alikataa yote mawili, akageuza mawazo yao kwa kazi ya Mungu iliyotakiwa kuonekana kwa mtu yule. Halafu akaanza kufanya kazi.

Wasomi wa Marekani waliuliza swali la wale wanafunzi, wakawaumiza wamama. Sisi tunaliuliza, tunawaumiza watoto. Yule mtoto asiyegeuka akiitwa hana neno la kujitetea. Kama jirani yenu yuko naye, mwende mkamsalimu mama yake juma hili, muulize mtoto anapenda mchezo gani, mcheze naye kidogo. Tena mwambieni mama asiogope kumpeleka mtoto kituo cha afya wapime masikio, na asiache kumwita jina lake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KALASI

1. Taja mambo mawili ambamo usonji unaonekana, na mfano mmoja wa kila jambo.
2. Kati ya jozi 11 za mapacha waliofanana, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Ni sehemu ngapi ya mia? Kwa nini hesabu hiyo inakataa fundisho la "mama mwenye moyo wa baridi"?
3. Kwa nini mtoto asiyeitika apimwe masikio kwanza?
4. Tunga maswali matatu ya kumuuliza mama wa mtaa wako juu ya mtoto wa miezi 18, kwa lugha ya kwenu. Yasomwe mbele ya mtu mzima wa lugha ile, aseme kama yanafahamika.
5. Mtoto wa miaka saba katika kambi ya wakimbizi hasemi. Utauliza nini kwanza, na kwa nini?
6. Mtu wa jamaa yako anasema mtoto ni mulozi. Utamjibu namna gani kwa heshima, kwa kutumia sheria ya 2009 na Yoane 9?